Kerneli haiutambui wito wangu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza kwa xv6, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo ya MIT, ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta. Nimeongeza wito wa mfumo, yaani ombi la programu kwa kerneli, niliouita hesabu, namba 22. Kukompaili hakuna shida, ila nikiuita napata "unknown sys call 22". Tatizo liko wapi?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Ujumbe huo unanifurahisha, maana programu yako imeshaingia hadi kwenye kerneli! Kijisehemu cha msimbo kilichozalishwa na hati ya usys.pl kimeweka 22 kwenye rejista a7 (kihifadhi kidogo ndani ya kichakataji), amri ya ecall ikaivusha programu hadi kwenye kerneli, kerneli ikatafuta nafasi ya 22 kwenye jedwali lake la miito isikute kitu. Fungua kernel/syscall.c, tangaza sys_hesabu kwa extern, kisha jazia jedwalini:

[SYS_hesabu] sys_hesabu,

Mkato wa mwisho usiuache.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Ukitaka kurudisha data, usiandike moja kwa moja kwenye anwani uliyopewa na programu. Katika toleo la RISC-V (aina ya kichakataji) kerneli ina jedwali lake la kurasa, yaani ramani yake ya anwani za kumbukumbu, na anwani ile kwake si mahali pale pale. Tumia copyout, kazi ya kerneli inayonakili data hadi kwenye kumbukumbu ya programu. Wanafunzi wangu wengi hukwama hapo, nami siwaharakishi, kwani hapo ndipo ulinzi wa kumbukumbu unapoeleweka kweli.

Ukimaliza, endesha make qemu-gdb ili uichunguze kerneli kwa gdb (kitafuta-hitilafu), isimamishe ndani ya syscall, usome p->trapframe->a7, mahali ilipohifadhiwa namba ya wito, mwenyewe.