Mchoro wa kwenye simu: nimeuona au sijauona?

SWALI: Shikamoo mzee. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, nilikaa nyumbani nikimaliza bando kwa kutazama makumbusho ya Ulaya. Mchoro wa Mona Lisa niliukuza mpaka nikaona nyufa za rangi. Juzi mwalimu mwenzangu karudi kutoka Paris, ulipo mchoro wenyewe, ananicheka mbele ya ofisi nzima, eti mimi sijaona mchoro, nimeona picha ya mchoro. Nimeona au sijaona?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzako muulize kwanza alisimama umbali gani. Mona Lisa ina urefu wa sentimeta 77 na upana wa 53 tu, iko nyuma ya kioo kisichopenya risasi, na mbele yake watu hujazana kama abiria wa treni ya kuja Kigoma wakati wa sikukuu. Zile nyufa hakuziona. Hapo umemshinda.

Ila usishangilie mapema. Miezi ile ile nami nilijifungia hapa Ujiji, mjukuu wangu akanionyesha Guernica, mchoro wa Picasso kuhusu vita, kwenye simu. Nikasema nzuri, nikamrudishia. Baadaye akanisomea vipimo: mita 3.49 kwenda juu, mita 7.77 kwa upana. Tukafungua kamba ya kuanikia nguo, tukatoka kupima. Ukuta wangu haukutosha. Tukahamia kwenye ghala la dagaa la jirani, mjukuu akapanda juu ya pipa, tukaweka alama kwa mkaa. (Jirani akadhani tunampimia eneo la kumuuzia mtu.) Nikasimama katikati. Yule farasi anayelia kumbe angekuwa juu ya kichwa changu! Na mama aliyebeba mtoto wake aliyekufa yuko mbali kushoto, ikabidi nigeuze shingo kumtafuta. Kwenye simu niliwaona wote kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyenitisha.

Kitu kingine ni rangi. Sebuleni nina mchoro wa tingatinga nilioununua Dar es Salaam, ndege wawili kwenye hadibodi. Nilimtumia binti yangu picha yake, akauliza mbona imepauka. Haijapauka hata kidogo. Ni rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia milango, na jua la asubuhi likiingia dirishani inawaka. Kwenye bawa la ndege mmoja kuna unyoya wa brashi ulionasa rangi ikiwa mbichi. Kidole kinaugusa, kamera ya simu yangu haikuuona.

Sasa basi, mchoro umeuona, ukubwa wake na mng'ao wake bado. Ukubwa unaweza kuupata bila nauli ya ndege: chukua kamba, toka na wanafunzi wako mpime ukuta wa darasa. Huyo mwenzako mpe ncha moja ashike.