"The man whom I saw him": kosa liko wapi?

SWALI: Mwalimu, nipo kidato cha tatu. Kwenye zoezi la kuunganisha sentensi za Kiingereza niliandika hivi: (1) *Although he was sick, but he came.* (2) *The man whom I saw him is a doctor.* (3) *The box is too heavy for me to lift it.* (4) *Entering the classroom, the bell rang.* Zote nimekosa. Shida ni nini?

JIBU: Ya 2, ya 3 na ya 4 zina chanzo kimoja: umeandika Kiingereza ukiwa na kitenzi cha Kiswahili kichwani. Kitenzi chetu hubeba watu ndani yake. Tazama *niliyemwona*: ni- ni mtenda, -li- wakati, -ye- kirejeshi, -mw- mtendwa. Kwetu -ye- na -mw- hukaa pamoja bila ugomvi. Kwa Kiingereza *whom* ndiye mtendwa mwenyewe, kwa hiyo ukiongeza *him* umemtaja mtu yuleyule mara mbili. Anza na sentensi zako mbili: *The man is a doctor. I saw him.* Chukua *him*, igeuze iwe *whom*, ihamishie mara tu baada ya *man*. Ikishahama, kule ilikotoka pabaki patupu: *The man whom I saw is a doctor.*

Ya 3 ni mtego uleule, maana Kiswahili kinasema "zito mno nisiweze kuliinua", na -li- ya *kuliinua* (hapa si wakati, ni sanduku) ikakuvuta uandike *it*. Sanduku limeshatajwa mwanzoni, basi ishia kwenye *lift*. Angalia pia usichomeke *not*. *Too* imeshabeba ukanushi. Lakini ukiambiwa utumie *so... that*, mambo yanageuka: *The box is so heavy that I cannot lift it.* Baada ya *that* huja sentensi kamili, hivyo *it* na *not* zote zinarudi. Hapa ndipo wengi hunaswa, wakiambiwa wageuze moja iwe nyingine.

Ya 4: "Nilipokuwa naingia darasani, kengele ililia" ni Kiswahili safi, kwa sababu ni- inasema nani aliingia. *Entering* haina ni- yake. Msomaji humtafuta mtenda baada ya mkato, na anachokikuta ni *the bell*. Kengele ndiyo imeingia darasani! Ama mlete mtenda halisi pale, *Entering the classroom, I heard the bell*, ama rudisha kitenzi kamili: *As I was entering the classroom, the bell rang.*

Ya 1 ni hesabu tu. Sentensi mbili, kiunganishi kimoja. "Ingawa... lakini" tunaisema kila siku, ila Kiingereza sanifu hakiikubali. Chagua *Although he was sick, he came* au *He was sick, but he came*. *Although* ikitangulia, weka mkato katikati. Ikija katikati, *He came although he was sick*, kwa kawaida mkato hauhitajiki. Ukiona sentensi imepwaya bila *but*, tumia *still*, ambayo ni kielezi wala si kiunganishi: *Although he was sick, he still came.*