Kabla Hujaweka Saini Fomu ya Fidia

Ukikuta alama ya X ya kubomoa kupisha barabara imepigwa kwenye ukuta wako, angalia kwanza rangi yake. Nyekundu ina maana wewe ndiye uliyeifuata barabara: unavunja bila kulipwa. Kijani ina maana barabara imekufuata wewe, na hapo unastahili fidia. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa kihalali ndani ya zile mita 7.5 za nyongeza kabla ya sheria hiyo ana haki yake. Ila usipime kwa kumwangalia jirani. Barabara ya Morogoro, kutoka Ubungo hadi Kiluvya, ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na watu wa Kimara hawajasahau bomoabomoa ya mwaka 2017. Andika barua uulize hifadhi ya barabara yako ni mita ngapi.

Nimeona ugomvi mwingi wa fidia, na karibu wote chanzo chake ni siku ya uthamini, pale mali yako inapokaguliwa na kuandikwa thamani yake. Kwetu Mbagala, mthamini aliiandika nyumba ya mama akaziacha fremu mbili za mbele na karo la maji taka, eti barabara inachukua "kipande tu". Kipande hicho ndicho kilichokuwa kinamlisha mama! Nilimwomba asisaini kwanza, tukamwita mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukapita upya, kitu kimoja kimoja, mbele ya mashahidi. Fremu na karo viliingia kwenye fomu.

Kwa hiyo siku hiyo usiende kazini. Piga picha za kila kitu: uzio, kisima, miembe, choo. Barabara ikikuachia eneo lisilojengeka wala kupangishika, lisemee hapo hapo na uliandikie barua.

Halafu kagua hesabu. Kanuni za fidia za mwaka 2001 hazikomei kwenye thamani ya jengo na ardhi. Kuna posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20, kodi ya pango ya miezi 36 kwa bei ya soko na, kwa mwenye biashara, faida halisi ya mwezi mara 36. Hapo kwenye faida wafanyabiashara wetu wengi wanaumia, maana hawana daftari wala risiti za kodi. Anza kuziweka leo, hata kama mradi ni tetesi tu.

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe taarifa ya uthamini. Ikichelewa, inadaiwa na riba. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini unafanywa upya. Omba tarehe ya idhini kwa maandishi, na nakala ya barua yako igongwe mhuri wa kupokelewa.