Seva ya mafaili nyumbani: ubonyeze kwenye brauza au uandike komandi?

Mkuu, kwa ulivyosema una desktop ya zamani na diski mbili za TB 4, unataka kutunza video za harusi unazoshuti, shemeji naye awe anaweka picha za watoto, ila hujui uchukue OpenMediaVault (mfumo wa seva ya mafaili) ubonyeze tu kwenye brauza au Debian tupu (Linux ya kawaida) uandike komandi. Mimi niko Nkuhungu hapa Dodoma, nimetumia zote mbili, na nakwambia usiangalie ipi rahisi, angalia nani anashika setingi.

OpenMediaVault chini yake ni Debian hiyohiyo, terminali unayo, ila setingi zake inazitunza kwenye config.xml na kutoka hapo ndo inaandika mafaili mengine. Sasa wewe ingia kwa komandi ukahariri smb.conf (faili la setingi za folda unazoshea kwenye mtandao), folda itaonekana safi kabisa kwenye laptop, utafurahi, halafu siku nyingine unaongeza folda kwa brauza, unathibitisha, na vyote ulivyoandika kwa mkono vinapotea maana yeye hana habari navyo. TrueNAS, mfumo mwingine wa aina hii, nayo ndo tabia hiyohiyo, ina databesi yake.

Kwa hiyo ukienda na brauza, kubadilisha kitu ni kwa brauza tu. Komandi ziwe za kuchungulia na kuokoa, na kwenye kuchungulia ni tamu balaa. Piga smartctl -a /dev/sda (inasoma afya ya diski, sda ndo jina la diski) uone, diski inaweza kuandikiwa PASSED, yaani imefaulu, huku Current_Pending_Sector (sehemu zinazogoma kusomeka) inapanda, hiyo inaaga taratibu, na ukizoea kutazama alama ya kijani peke yake inakupita hivihivi. Hapohapo soma na joto, kwa vumbi letu hili la kiangazi fungua kesi upulize, usingoje feni ianze kulia.

Halafu safarini. Nikiwa kwenye SGR mtandao unakuja unaondoka, ukurasa wa brauza unazunguka tu, ila ssh (kuiandikia seva komandi ukiwa mbali) kwenye simu kupitia Tailscale, mtandao binafsi unaokufikisha kwenye seva ya nyumbani, ni maandishi matupu, bando halishtuki.

Debian tupu uhuru wote wako, lakini komandi haina huruma, mkfs, ile ya kufomati, ukiielekeza diski siyo ndo basi tena. Na sda na sdb zinaweza kubadilishana majina ukiwasha mashine upya, tumia yale marefu ya /dev/disk/by-id yenye serial namba. Na kila ulichofanya kiandike, mwakani hutakumbuka.

Kwako naona OpenMediaVault, shemeji akisahau pasiwedi unambadilishia fasta kwa brauza ya simu bila kuwasha laptop. Diski ziunge RAID1 (kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili), ila hiyo siyo bakapu mkuu, ukifuta harusi ya mteja imefutika kote, tafuta diski ya nje. Na kabla hujagusa za kweli iweke kwanza ndani ya VirtualBox (programu ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta yako), ipe diski feki mbili, chomoa moja, uone inavyolalamika na ujaribu kuirudisha.