Kisukari cha CF: mrudishie kijana wali wake wa nazi

Dada yangu wa Lindi, pole sana. Nimesoma uliyoandika pamoja na majibu uliyokwishapewa, nikaona nisipite kimya, maana karibu wote waliokujibu wanazungumzia kisukari kingine, siyo hiki cha mwanao.

Kwa wanaoingia sasa: kijana wa dada huyu ana miaka 16. Ana sistiki faibrosisi tangu utotoni, ule ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu na kongosho, nitaiita CF kama inavyoandikwa kwenye mafaili, na mwezi huu ameambiwa ana kisukari juu yake. Mama kashauriwa amkatie wali, nazi na mafuta. Kijana anazidi kukonda, na sindano ya insulini hataki hata kuiona. Mama anauliza amlishe nini, kama sindano ni za maisha, na aongee naye vipi.

Mimi niko Mtwara mjini. Binti yangu ana CF, na kisukari kilimfika akiwa na miaka 15.

La haraka kwanza: mrudishie wali wake. Mrudishie nazi, mayai, samaki wa kukaanga, vyote. Mtoto wa CF hapunguziwi chakula kwa sababu ya kisukari. Kinachofanyika ni insulini, ile dawa ya sindano inayoshusha sukari, kupangwa ifuate chakula. Mpigie daktari wake umweleze kijana anakula nini na kiasi gani kwa siku nzima, ili dozi ipangwe kulingana na sahani yake. Ukifanya kinyume, sahani ndiyo ikatwe ili ilingane na dozi, mtoto atakwisha mikononi mwako, kwa sababu mwili wa CF unahitaji chakula kingi kuliko wa mtu mwenye afya. Anapumua kwa nguvu, anapambana na kifua kila siku, na sehemu ya anachokula inapita tu bila kuingia mwilini.

Ushauri uliopewa umetoka mahali panapoeleweka. Kliniki ya kisukari tunayohudhuria sisi imejaa wazee wenye kitambi na presha. Somo la asubuhi ni lao: punguza wanga, punguza mafuta, punguza chumvi, punguza uzito. Kwa mzee yule ni maneno sahihi kabisa. Kwa mwanao yote manne ni hatari. Hata hiyo chumvi. Mtoto wa CF hutoa chumvi nyingi kwenye jasho, ndiyo maana ukimbusu paji la uso unaisikia mdomoni, na kwa joto la huku kwetu la Novemba na Desemba akikatiwa chumvi anaweza kuishiwa nguvu akaanguka. Binti yangu chumvi anaongeza, na siku za jua kali anakunywa maji ya ndimu yenye chumvi kidogo. Nesi mgeni akituambia tupunguze, namwonyesha faili.

Sasa kwa nini kimempata. Umeandika kwamba wifi yako anasema ni soda ulizokuwa unampa. Siyo soda, dada. Kwenye CF majimaji ya mwili yanakuwa mazito, yananata kama utomvu wa mkorosho. Yanaziba mapafu, na yanaziba vijia vya kongosho. Kongosho lina kazi mbili: kutoa vimeng'enya vya kusagia chakula, na kutoa insulini. Vijia vikiziba, vimeng'enya ndivyo vinavyokosekana kwanza, na ndiyo maana wengi wao wanameza vidonge vya vimeng'enya tangu wadogo. Kongosho linaendelea kupata makovu mwaka hadi mwaka, na mwisho hata sehemu inayotoa insulini inapungua. Soda haikuleta hayo, wala mkono wa mtu haukuhusika. Watoto wengi wa CF wakifikia ujana au utu uzima hukutana nacho. Kwa watu wazima wa CF ni karibu nusu yao. Chanzo ni kasoro ya jini ambayo mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili, na wazazi wenyewe huwa hawaumwi chochote. Nakuandikia hili kwa herufi nzito moyoni mwangu, kwa sababu najua jinsi mama anavyolala na lawama ya kupewa na ndugu.

Mezani kwetu mpangilio ni huu. Binti anapima sukari, anajidunga insulini ya haraka, kisha anasubiri. Ile ya kawaida ya kwenye chupa tumeelekezwa adunge nusu saa kabla ya kula. Zipo za aina mpya zinazofanya kazi upesi zaidi, kwa hiyo uliza yako ni ipi. Sahani ikifika mbele yake anameza vimeng'enya, ndipo anakula. Hapo pana jambo ambalo wengi hatuambiwi. Akijidunga insulini halafu akasahau vimeng'enya, chakula hakisagiki vizuri, hakiingii mwilini inavyotarajiwa, na sukari inaweza kushuka wakati tumbo limejaa. Sindano na vimeng'enya vinakwenda pamoja.

Chakula cha kusini kinamfaa sana mtoto wa CF. Korosho gramu 100 zina kilokalori kama 550, na hazipandishi sukari kwa kasi kwa kuwa sehemu kubwa yake ni mafuta. Ameze tu vimeng'enya. Binti yangu huenda shule na korosho za kukaanga, na mbaazi za nazi nyumbani hazikosekani. Ming'oko ya kuchemsha, muhogo, ugali na wali vyote vinahesabiwa kama wanga wa kudungia insulini, siyo vya kukatazwa. Daktari wetu alitufundisha kukadiria wanga kwa macho, kwa bakuli lilelile kila siku, na hilo limetusaidia kuliko orodha yoyote. Tulichobadilisha ni vinywaji vya sukari vya kunywa ovyo katikati ya milo: soda, juisi ya mabibo, chai ya sukari nyingi. Hivyo akivitaka anavinywa na chakula, pale insulini ipo. Vinywaji vya kupunguza unene visivyo na sukari mimi simnunulii. Mtoto anayehitaji kunenepa nimpe maji yenye rangi ya nini?

Swali la pili. Ndiyo, jiandae kwamba insulini ni ya muda mrefu, na kwa wengi ni ya maisha. Vidonge vya metformini wanavyomeza majirani siyo tiba inayopendekezwa kwa kisukari hiki, kwa sababu shida kubwa ya mwanao ni insulini yenyewe kukosekana. Mwarobaini na mlonge pia havitaileta. Ila dozi haikai palepale. Kifua kikiamka sukari inapanda, wakati mwingine sana, na insulini inabidi iongezwe. Dawa za jamii ya prednisoloni zikiandikwa, nazo zinaipandisha. Kifua kikitulia dozi inashuka tena. Kwa hiyo usishtuke ukiongezewa, wala usifurahi mno ikipunguzwa ukadhani kapona.

Kwa huku kwetu angalia msimu wa salfa. Mikorosho ikianza kupuliziwa katikati ya mwaka, ule unga wa njano unasafiri na upepo hadi ndani ya nyumba. Sisi tuna shamba kijijini na binti yangu miezi hiyo hakanyagi huko kabisa, hata kama kuna sherehe. Ninyi kama mnaishi karibu na mashamba, mtafutie pa kukaa wakati wa kupulizia. Kifua kikichokozwa, glukomita, kile kimashine cha kupimia sukari, itakuonyesha mapema.

Sukari kushuka ndiko kunakotisha zaidi siku za mwanzo, basi ujue cha kufanya. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiongea ovyo au akikasirika bila sababu, pima. Ikiwa chini ya 4 (namba zangu zote ni za mmol/L), mpe sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Kwa sukari tupu kama hiyo vimeng'enya havihitajiki, usipoteze muda kuvitafuta. Subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini rudia. Ikishapanda ale kitu cha kushiba. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Binti yangu anatembea na sukari kwenye kikaratasi mfukoni mwa sketi, na mwalimu wake wa darasa anajua kipo upande gani.

Kutunza insulini kwa joto hili na umeme wa kukatika: chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, mbali na barafu. Ikiganda ni ya kutupa, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Unayoitumia inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne mahali pa ubaridi. Sisi tuna vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, na insulini ndani kwenye kikopo chenye mfuniko isilowe. Chungu kinakaa ukumbini upande unaopata upepo wa bahari. Mkisafiri kwenda Dar kwa basi, insulini ikae nawe kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye buti.

Ramadhani umeiuliza kwa pembeni. Mwenye CF anayedunga insulini afya yake haimruhusu kufunga, na ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qurani, sura ya Al-Baqara. Zungumza na sheikh wenu kuhusu fidia, na mwambie kijana mapema kabla hajaanza kufunga kwa siri ili afanane na wenzake.

Sasa hili la kukataa sindano, ambalo naona ndilo linalokuliza. Kijana huyu tangu anapata akili anameza vidonge, anagongwa mgongo kutoa makohozi, anavuta dawa kwa mashine. Alishazoea, akajua huu ndio mzigo wake. Halafu anaongezewa mwingine. Binti yangu aliniambia, "Mama, nilikuwa nimeshaukubali ule wa kwanza." Sikuwa na jibu, tulikaa tu pamoja. Mwache ahuzunike, asiharakishwe kushukuru.

Usimtishie kifo. Amekaa na habari za kifo miaka yote hiyo, hazimsogezi. Mwambie la karibu zaidi: insulini ndiyo inayojenga nyama. Ilipokuwa inapungua, kabla hata hamjajua, mwili wake ulikuwa unashindwa kutumia chakula, uzito unashuka na kifua kinadhoofika, na sukari nyingi mwilini huwapa chakula bakteria wa mapafuni. Akianza kudunga vizuri, mara nyingi uzito unarudi na kifua kinapata nafuu. Binti yangu alianza kuamini siku bangili yake ya zamani ilipombana. Kwa kijana wako huenda ikawa mpira, au kupanda ngazi za shule bila kusimama. Mpime uzito kila wiki mizani ileile, aandike mwenyewe.

Mpe bomba la sindano ashike yeye. Mwanzoni binti yangu alikuwa anachagua tu mahali, tumbo au paja, mimi nadunga. Baadaye akaanza kuvuta dozi, mimi nikiangalia mstari. Siku moja akadunga mwenyewe nikiwa nageuza samaki jikoni, akanionyesha bomba tupu. Nilimkagua dozi, nikaendelea na samaki. Hadi leo bado namkumbusha kubadili mahali, maana anapenda upande mmoja na ngozi inakuwa ngumu.

Na daftari la sukari lisiwe la kesi. Ikisoma 14, usiulize "umekula nini?" Uliza kama kifua kinamsumbua, kama kalala vizuri, kama dozi ilitosha. Mtoto akigombezwa kwa namba, kesho ataandika za uongo, na daktari atapanga dozi kwa uongo huo.

Umetaja kwamba mdogo wake naye ana CF. Huyo akifika miaka 10 apimwe kisukari kila mwaka hata akiwa mzima wa kuonekana, na kwa kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi kisha damu kuchukuliwa tena baada ya saa mbili. Baada ya saa hizo mbili sukari ikisoma 11.1 au zaidi, daktari atahitaji kuthibitisha. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kwa watoto wa CF kinaweza kuonyesha yuko sawa kumbe siyo, basi kikiletwa peke yake omba na hicho kingine. Kwa kaka yake, uliza pia lini aanze kupimwa macho na figo. Sisi tumeambiwa kila mwaka baada ya miaka mitano ya kisukari, na mapema zaidi kama haijulikani kilianza lini.

Niandikie hapahapa dozi aliyopangiwa ni ya aina gani, ile ya mchanganyiko au ya haraka peke yake, na anakula mara ngapi. Na ukikwama kupata vijiti vya kupimia huko Lindi sema, wapo wanaosafiri huku na huko kila wiki.