Maswali na Majibu: Ukuta unaotetemeka

SWALI: Nina kishikio chenye mota mbili kinachorudisha nguvu mkononi, na bodi yake (saketi yenye kompyuta ndogo inayoendesha mota) imeungwa kwa waya wa USB. Onyesho la ukuta wa kubuni, unaochorwa kwenye skrini na kuhisiwa mkononi, linafunguka vizuri kwenye Chrome kupitia Web Serial (njia ya ukurasa wa wavuti kuwasiliana na kifaa cha USB), lakini nikiugusa ukuta tu, kishikio kinatetemeka na mota zinanguruma. Kwenye Safari kifaa hakionekani kabisa. Je, nibadilishe mota?

JIBU: Usibadilishe. Kinachokosekana ni kasi ya hesabu.

Ukuta huo ni springi ya kihesabu: kadiri kishikio kinavyozama, ndivyo nguvu inavyozidi. Kivinjari kikiihesabu nguvu ndani ya requestAnimationFrame (amri inayoendesha hesabu kila skrini inapochorwa upya), kwa kawaida hufanya hivyo mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Katika pengo hilo mota inashikilia nguvu ya zamani. Mkono ukianza kutoka bado unasukumwa kana kwamba umezama, unarushwa nje, unarudi, unarushwa tena. Ili ukuta utulie, ukinzani wa kifaa chenyewe (jinsi kinavyopinga mwendo) lazima uzidi nusu ya ugumu wa ukuta ukizidishwa kwa muda wa pengo. Kwa ukinzani wa 1 N·s/m, pengo la milisekunde 1 linabeba ugumu wa karibu 2000 N/m. Pengo la 16.7 linabeba 120 tu, na huo ni sponji.

Kuweka setInterval (amri ya kurudia kazi kila baada ya muda fulani) ya milisekunde 1 hakutakuokoa: baada ya mizunguko michache kivinjari huilazimisha kuwa 4, na ukihamia kichupo kingine huishusha hadi mara moja kwa sekunde. Hamishia hesabu ya nguvu kwenye bodi, izunguke mara 1000 kwa sekunde. Ukurasa utume mahali pa ukuta na ugumu wake, nayo bodi irudishe nafasi ya kishikio kwa ajili ya kuchora.

Na hapa tunasisitiza sana: bodi izime mota isipopata ujumbe kwa milisekunde 100, na iwe na kikomo cha nguvu kisichopitwa hata ukurasa ukituma namba ya ajabu. Anza na 50 N/m, kisha panda taratibu.

Mchoro ukichelewa kuufuata mkono na bodi inatumia chipu ya FTDI (inayounganisha bodi na USB), tazama Latency Timer, yaani muda ambao chipu husubiri kabla ya kutuma data, kwenye mipangilio ya poti: huja ikiwa milisekunde 16, iweke 1.

Safari haina Web Serial. Tumia Chrome au Edge ya kompyuta, toleo la 89 au jipya zaidi. Ukurasa ufunguliwe kwa https au localhost (kompyuta yako mwenyewe), na requestPort, amri ya kuomba ruhusa ya kutumia poti, iitwe mtumiaji anapobonyeza kitufe. Poti ikigoma kufunguka, funga Serial Monitor ya Arduino (dirisha la kusoma ujumbe wa bodi), maana poti hushikwa na programu moja tu. Kwenye Ubuntu, jiongeze katika kundi la dialout (watumiaji wanaoruhusiwa kutumia poti), utoke, kisha uingie upya.