Hamira inajuaje kuwa inositoli ipo?
Umeuliza kwa nini jeni ya INO1, inayoiwezesha hamira kujitengenezea inositoli (molekuli ndogo inayofanana na sukari), huzimika ukiiwekea hamira inositoli. Kinachopimwa na seli hasa ni asidi ya fosfatidiki, lipidi (aina ya mafuta) ambayo ni malighafi ya lipidi nyingine. Inositoli ikikosekana, asidi hiyo hurundikana kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa vijia ndani ya seli) na, ikisaidiana na protini Scs2, huishikilia Opi1, protini inayozima jeni, nje ya kiini. Hivyo Ino2 na Ino4, protini zinazowasha jeni, zinabaki huru kuiwasha INO1. Ukiongeza inositoli, asidi inatumika kutengeneza fosfatidilinositoli (lipidi yenye inositoli), inapungua, Opi1 inachomoka, inaingia kiini na kuibana Ino2. Napenda sana hapo: malighafi ya lipidi ndiyo swichi yenyewe! Upungufu wa zinki pia huipunguza INO1 kwa njia hiyohiyo, maana Zap1, protini inayohisi zinki, huiamsha PIS1, jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza fosfatidilinositoli, asidi ikatumika zaidi.